Redio inasema mvua chini ya wastani, mzee anasema tupande, simu inasogeza tu siku: nimsikilize nani?

Shikamoo Mjomba,

Pole na majukumu. Mi ni mama wa watoto watatu, tunaishi huku tambarare ya Same upande wa Makanya, tunalima na tuna mbuzi wachache, baba watoto anaendesha bodaboda pia ila msimu wa shamba ukifika anaiweka pembeni. Nakuandikia kuhusu mvua. Najua mvua ni ya Mungu, ila naomba unisikilize kwanza manake hapa ndani amani imepungua.

Vuli imetupita. Ilinyesha kidogo Novemba tukapanda, mahindi yakafika magotini yakasimama hapohapo, yakajikunja majani, mwisho tukayakata tukawapa mbuzi. Toka hapo ni jua tu. Januari jua, Februari jua na upepo, ule wa huku kwetu wenye vumbi jekundu, unafagia uwanja asubuhi ikifika saa nne hujui kama umefagia. Kibwawa cha kunyweshea mifugo kimebaki tope. Ndani tuna gunia mbili za mahindi na kunde kidogo.

Sasa majuzi redioni wamesoma utabiri wa masika, kwa Arusha, Manyara na Kilimanjaro wanasema mvua zitakuwa wastani hadi chini ya wastani, zitachelewa kuanza, na kutakuwa na vipindi vya ukavu katikati. Nikaogopa. Nikaingia kwenye simu, kuna aplikesheni ya hali ya hewa niliwekewa na mdogo wangu, ikawa inaonyesha Jumatano kuna kawingu na matone, asilimia 40, Alhamisi asilimia 55. Jumatano ikafika hamna hata tone, nikiangalia tena zile asilimia zimehamia Jumamosi, Jumamosi zikahamia wiki nyingine. Mpaka leo zinahama tu. Afu kwenye grupu la WhatsApp la wakulima mtu akarusha sauti ndefu anasema kuna Elnino kubwa inakuja, watu wahame mabondeni, yaani wengine ukame wengine mafuriko, kichwa kinauma.

Baba mkwe yeye redio hata hasikilizi. Anaangalia wingu linavyolala mlima Shengena na anaangalia mibuyu. Anasema mibuyu imeshaanza kutoa majani kwahiyo mvua haiko mbali, tupande hata kwenye udongo mkavu, atakayechelewa atakula jeuri yake. Na mume wangu amemsikiliza baba yake. Anataka tupande mahindi ekari zote tatu. Moja iko chini karibu na korongo, hiyo mafuriko yakishuka kutoka milimani huwa tunakinga maji yanaingia shambani, mbili ziko juu zinategemea mvua ya mbinguni tu. Ameenda duka la pembejeo wamemwambia kuna mbegu chotara inazaa sana, mahindi mawili kwa mche, ila nilipomuuliza akasema inachukua siku 120. Hela hatuna, anataka nikope kikoba. Na kikoba chetu ukishindwa kurudisha wanakuja kubeba, kuna jirani walimbebea mpaka masufuria.

Mi nimesema tuache msimu huu kabisa, tusipande kitu, hela kidogo iliyopo nianze kuuza samaki wakavu pale stendi. Basi imekuwa ugomvi. Ananiambia unaamini simu kuliko baba yangu. Mama mkwe naye ananiangalia kama mtu ninayewatakia njaa watoto wangu mwenyewe.

Mjomba naomba nisaidie. Nimwamini nani hapo, redio, simu au mzee? Tupande au tuache? Na huo mkopo nichukue?

Mama wa Watatu, Same

*

Marahaba mwanangu, pole sana. Na pole zaidi kwa yale mahindi ya vuli, manake mtu asiyelima hajui ilivyo kusimama shambani unaangalia jani linajikunja mchana na huna la kulifanyia.

Nianze na swali lako la nani wa kumwamini, na nitakaa hapo sana kwa sababu ugomvi wenu mwingi umetokea hapo. Redio, simu na mzee hawapingani kama unavyodhani, kila mmoja anajibu swali lake. Redio imejibu kuhusu miezi mitatu kwa ujumla na kwa mikoa mizima. Simu inajaribu kujibu kuhusu siku. Mzee anakwambia kwamba majira yamegeuka. Sasa nyie mmechukua majibu matatu ya maswali matatu mkayaweka kwenye mizani moja, lazima mgombane.

Tuanze na redio. Ule utabiri unatoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, TMA, na wakisema chini ya wastani hawana maana kwamba haitanyesha. Wao wanalinganisha na wastani wa miaka mingi wa sehemu husika, ikinyesha chini ya asilimia 75 ya ule wastani ndo wanaita chini ya wastani, kati ya 75 na 125 wanaita wastani, ikizidi hapo ni juu ya wastani. Na wenyewe hawatoi ahadi, wanaangalia upande gani una uzito zaidi. Tuseme kwa mfano tu, uzito wa upande wa chini ukiwa asilimia 45, wa wastani 35 na wa juu 20, watakwambia wastani hadi chini ya wastani, lakini ona, hapo bado kwenye miaka kumi ya namna hiyo miwili mvua inakuja nyingi tu na watu wanasema TMA waongo. Si waongo. Ukiona mtu anakwambia utabiri wa msimu ni uongo kwa sababu kijijini kwake ilinyesha, ujue hakuelezwa vizuri, na hilo mi nalilaumu sana kwetu sisi tunaousoma utabiri haraka haraka kwenye vyombo vya habari halafu tunakimbilia michezo.

Kingine ambacho hukuambiwa redioni, na hiki kwako ni kikubwa kuliko neno wastani lenyewe. Wastani wa Same ni wastani wa Same. Huko tambarare mko nyuma ya milima ya Upare, mvua nyingi inamwagika upande wa juu na upande wa mashariki, nyie mnabakiziwa. Mji wa Same mwaka mzima unapata kama milimita 500 na kitu hivi, vuli na masika pamoja. Na mahindi ya muda mrefu mpaka yakomae yanataka kati ya milimita 500 na 800 kwa msimu wake mmoja. Soma hiyo sentensi tena na mumeo akiwa pembeni. Ina maana hata masika ikija ya kawaida kabisa, hata redio ingesema wastani, zile ekari mbili za juu zisizopata maji ya korongo haziwezi kubeba mahindi ya siku 120. Kwahiyo hapo hamkuwa mnabishana kuhusu utabiri, mlikuwa mnabishana kuhusu mbegu.

Hebu hesabuni pamoja. Masika ya kwenu ikiwahi inaanza katikati ya Machi hivi, na ikifika katikati ya Mei kwa kawaida imeshakata. Hiyo ni kama siku 60, na mwaka huu wanasema itachelewa. Mbegu ya siku 120 ukiipanda mwisho wa Machi inakomaa mwisho wa Julai. Inatoa mbelewele na kubeba mtoto mwishoni mwa Mei au Juni, wakati mvua hamna, upepo wa kusi umeshaingia, na hapo ndo mahindi yana kiu kuliko wakati mwingine wowote. Yule wa dukani hakudanganya, hiyo mbegu inazaa kweli, ila inazaa huko juu kwenye mvua ndefu. Huku chini itakupa mabua.

Sasa nije kwenye hiyo sauti ya WhatsApp. Elnino, yaani Bahari ya Pasifiki ikipata joto kuliko kawaida, kwa nchi zetu inaonekana zaidi kwenye vuli, ndo ilivyokuwa 1997 na ndo ilivyokuwa vuli ya 2023 ile iliyokuja na maporomoko ya Hanang mwezi Desemba. Masika haifuatani na Elnino kwa nguvu hivyo. Masika inasukumwa sana na mambo ya muda mfupi, mawimbi ya mvua yanayotembea Bahari ya Hindi kwa wiki kadhaa, na vimbunga vya kule upande wa Msumbiji na Madagaska. Mwaka 2019 kimbunga Idai kilipopiga Beira katikati ya Machi kilivuta unyevu wote kule, huku kaskazini kwetu na Kenya mvua zikachelewa vibaya, watu wakakaa Aprili nzima wanaangalia juu. Halafu vuli ya mwaka huohuo mvua ikaja mpaka ikawa balaa. Nakwambia hivi ili uelewe kwa nini utabiri wa masika wa miezi mitatu unatakiwa kutumiwa kwa uangalifu kuliko ule wa vuli, kimbunga hakionekani Februari. Ukisikia sauti ya mtu asiyejitaja jina inakwambia Elnino inakuja mwezi ujao mhame, usiisambaze.

Simu je. Hizo aplikesheni nyingi zinachukua hesabu za mitambo ya dunia nzima, Marekani na Ulaya, na hiyo mitambo inaigawa dunia vipande vipande, kipande kimoja kina upana wa kilomita kumi, ishirini na zaidi. Sasa chukua kilomita ishirini kutoka nyumbani kwako kuelekea milimani uone unafika wapi. Unatoka kwenye vumbi unafika kwenye msitu wa Chome wenye baridi na ukungu. Simu inaweza kuchanganya hizo sehemu mbili ikakupa namba moja, asilimia 40, ambayo si ya kwako wala si ya watu wa juu. Ndo maana inahama hama. Siku mbili tatu za mbele inaweza kukusaidia kujua uanike nini na ufue lini, ila siku nane za mbele mi nisingenunua hata pakti moja ya mbegu kwa ajili yake.

Lakini kuna kitu hapo wewe hukukiangalia na kinaweza kukuokoa. Shamba lenu la chini halinyweshwi na mvua ya kwenu, linanyweshwa na mvua ya milimani. Kwahiyo simu ukiiuliza kuhusu Same mjini unaiuliza swali la shamba la juu. Kwa shamba la chini muulize mtu aliye kule juu. Nina uhakika mna ndugu au shemeji huko, mpigie akwambie kumenyesha kiasi gani, na hasa aseme maji kwenye ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanyia maji ya kumwagilia, yakoje, manake ndiva zikijaa mpaka zinamwaga na mito imepanda ujue korongo linakuja. Hiyo simu ya shilingi mia ni utabiri mzuri kuliko aplikesheni yoyote kwa ekari ile moja.

Kuna utabiri mwingine wa TMA ambao watu hawaufuatilii na kwa masika ndo wenye faida, ule wa siku kumi kumi, pamoja na tahadhari zao za siku tano, zile wanazoziita angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Huo wa miezi mitatu utumieni kuchagua mbegu na kuamua mtaweka hela kiasi gani ardhini. Huo wa siku kumi utumieni kuchagua wiki ya kupanda. Mwombe afisa ugani wa kata awe anakutumia, wengi wanatumiwa na wilaya wanabaki nao kwenye simu zao kwa sababu hamna mtu anayewauliza.

Sasa mzee wako. Mwanangu, usimdharau baba mkwe, na nadhani humdharau, umeandika kwa heshima. Wazee kama yeye wanaangalia mambo ya kweli. Mbuyu unatoa majani kabla ya mvua, na wingu kulala mlimani kunaonyesha unyevu umeanza kuingia kutoka baharini na ule upepo mkavu wa kaskazi umeanza kulegea. Kule Lushoto watafiti walikaa na wazee wakalinganisha dalili zao na utabiri wa kitaalamu, waliona kuna kitu. Ila mbuyu unakwambia majira yanageuka, haukwambii mvua itadumu. Kwahiyo nenda kwake siku ametulia, mpelekee chai, na usiende kubishana, nenda kuuliza. Muulize hivi: baba, kuna miaka ambayo mibuyu ilitoa majani, mvua ikanyesha siku mbili tatu, halafu ikakata wiki mbili? Hiyo miaka mlifanya nini? Nina hakika atakaa vizuri kwenye kiti aanze kukuhesabia. Na hapo ndo utapata kitu hakipo redioni wala kwenye simu, manake yeye ameiona njaa zaidi ya mara moja na bado ana familia.

Hiyo mvua ya uongo ya mwanzo ndo adui wenu mkubwa mwaka huu, kuliko hata kiasi cha mvua chenyewe. Kumwagike kidogo, ardhi inukie, kijiji kizima kinaingia shambani, mbegu inaota, halafu jua kwa siku kumi na nne, mche unakufa na hela ya mbegu imekwenda, mvua ya kweli ikija huna cha kupanda. Ndo maana mahindi sikubaliani na kuyapanda kwenye udongo mkavu. Mtama ndo unaweza, mtama ukipata kiu unasimama unasubiri, mvua ikirudi unaendelea. Mahindi hayana huo uvumilivu.

Fanyeni hivi. Tafuta kopo lililonyooka pembeni, lile la maziwa ya unga linafaa, liweke uwanjani mbali na paa na miti, ikinyesha pima kwa rula ya mtoto ya shule kabla jua halijapanda. Milimita moja kwenye rula ni lita moja ya maji kwa kila mita moja ya mraba. Mkipata milimita 20 au zaidi ndani ya siku mbili tatu, chukua jembe uchimbe mpaka urefu wa rula yote, sentimita 30, chukua udongo wa chini kabisa uukamate kiganjani. Ukishikana ukabaki donge, pandeni siku hiyohiyo msingoje kesho. Ukimwagika kama unga, hata kama juu kuna matope, rudini nyumbani. Na kabla ya kupanda hakikisheni utabiri wa siku kumi hausemi ukavu.

Shamba la chini lipeni mahindi, hapo mumeo yuko sahihi na umwambie kwamba yuko sahihi. Ila mbegu ya muda mfupi, kama Situka, muulizeni afisa ugani ipi ipo na ipi haijachakachuliwa, nunueni yenye lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu. Ekari moja inakula kama kilo nane mpaka kumi, hiyo ni pakti nne au tano za kilo mbili, si mzigo wa kukopea. Na kabla hata ya tone la kwanza mkazibue mfereji wa kutoka korongoni na mrudishie kingo za shamba zilizobomoka. Mafuriko ya korongo yanakuja saa moja au mbili yanapita, pengine usiku, na kama mfereji umejaa mchanga mtayaangalia yakielekea kwa watu wengine. Hiyo ndo kazi ya kufanya sasa hivi kipindi hiki cha jua, tena mkubaliane mapema na majirani wa juu na wa chini zamu ikoje, maji ya korongo yameshagombanisha watu wengi.

Zile ekari mbili za juu msizilime kwa kitu kimoja. Ekari moja wekeni choroko. Choroko inatoka siku 60 mpaka 75, inaingia kwenye mvua fupi, na ina bei kuliko mahindi. Nyingine gawanyeni, mtama sehemu na kunde sehemu. Mtama najua mtaniambia ndege. Ni kweli kweleakwelea wanaweza kuumaliza wote asubuhi mbili, na sitaki watoto waache shule kwenda kuamia, kwahiyo pandeni eneo dogo la kuweza kulindwa na mtu mzima mmoja, na mpande wiki moja na majirani wanaopanda mtama ili ndege wasiwe na shamba moja tu la kushambulia. Limeni kwa makinga maji au vishimo vidogo vya kukusanyia maji kwenye mstari, wekeni samadi ya mbuzi humo humo kwenye shimo. Mvua ikiwa kidogo, kazi ni kuizuia isitembee.

Kuacha kabisa kulima kama unavyotaka wewe hapana. Nakuelewa, hofu ya vuli bado iko mwilini, lakini gunia mbili kwa watu watano na wazee wawili pembeni hazifiki vuli ijayo, na choroko na kunde mbegu yake ni hela ndogo. Ukiacha shamba lote tupu na masika ikaja nzuri utajuta, na hapo nyumbani hawatakusahaulisha.

Mkopo. Usichukue mkopo wa kulipwa na mavuno mwaka huu, nasema hivyo bila kuzunguka. Kopa tu kiasi ambacho unaweza kurudisha hata shamba likikupa sifuri, yaani kiasi ambacho bodaboda na samaki wako wakavu vinaweza kulipa wiki kwa wiki. Hela ya mbegu itoke kwa mbuzi. Uzeni wawili sasa hivi, madume au wale wazee, wakiwa bado na nyama. Mwanzoni mwa 2022 mifugo ilipoanza kufa kule Simanjiro na Longido watu walipeleka wanyama mnadani wamebaki mifupa na kila mtu anauza, bei ikawa ya kuonea huruma. Anayeuza mapema kidogo anapata hela ya mbegu, na malisho yaliyobaki yanawatosha majike. Msiuze majike yenye mimba.

Samaki wakavu uza, hiyo wala usiache. Biashara na shamba vyote viende, na uwe unaandika daftari ili mumeo aone hela inavyotoka stendi inaingia kwenye mbegu, hapo hatasema tena unaikwepa shamba.

Paa lenu kama ni la bati nalo mlitazame. Bati la nyumba ya mita nane kwa sita, mvua ya milimita 20 ikinyesha, ni karibu lita 960 zinadondoka chini, hata ukitoa zinazopotea unakaribia simtanki la lita 1000. Kama simtanki hamna, mapipa mawili na bati la kukinga maji ni bora kuliko kuyaacha yakimbie uwanjani. Hayo ni maji ya nyumbani na ya mbuzi, ili usiende kugombania tope la kibwawa.

Kuhusu mumeo. Soma tena barua yako uone alichokuambia, unaamini simu kuliko baba yangu. Hapo haongelei mvua, anaongelea heshima ya baba yake, na mwanaume anayeona vuli imekauka mikononi mwake anataka angalau kitu kimoja kisimame. Usimwendee na redio tena. Mwendee na hesabu ya siku, na shamba la chini la mahindi liwe lake alisimamie yeye kuanzia mfereji mpaka mavuno, na ukitoka kwa mzee mwambie mzee mwenyewe aje akae na nyie mkipanga zile ekari mbili. Mama mkwe mpe kazi ya kuchambua mbegu za kunde, hakuna anayezijua kuliko yeye.

Yale mahindi gunia mbili yahamishieni kwenye mifuko isiyopitisha hewa, ile wengine wanaita kinga njaa, dumuzi wasije wakala wao. Msiuze hata debe moja mpaka mje muone mvua ya Aprili ikoje, mkiyauza sasa mtayanunua Juni kwa bei nyingine kabisa.

Wiki hii nenda kwa afisa ugani uulize mbegu ya choroko ipo wapi na ya mahindi ya muda mfupi ipo au imeisha, manake redio ikishasema ukame kila mtu anakimbilia hizohizo na zinaisha madukani mapema. Ukikosa niandikie tena haraka, kabla mvua haijaanza.